Je, wajua kwa nini fidia ya shamba Zanzibar huanza kwa kuhesabu miti?

Barabara mpya ikipita kwenye mashamba ya Wete au Mkoani, kisiwani Pemba, mthamini huanza na mikarafuu, minazi na miembe. Sababu imo kwenye sheria ya ardhi namba 12 ya mwaka 1992: ardhi ni ya umma, imewekwa chini ya Rais wa Zanzibar, na mwananchi ana haki ya kuitumia. Miti inaweza kuwa na mwenyewe mbali na mwenye ardhi. Shamba moja basi huwa na wadai wawili, na akilipwa mmoja tu, kesi ishazaliwa.

Kifungu cha 17 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984 kinalinda mali ya mtu isichukuliwe bila ya fidia. Kiasi gani, ndipo penye ubishi. Kipimo cha kawaida cha mahkama ni bei ambayo muuzaji na mnunuzi wasiolazimishwa wangekubaliana. Bei iliyopandishwa na mradi wenyewe haihesabiwi. Msingi huo unatokana na kesi ya Pointe Gourde ya Trinidad, iliyoamuliwa London mwaka 1947.

Kwenye mgao wa eka tatu, yaani ardhi waliyogaiwa wananchi baada ya Mapinduzi ya 1964, kipimo hicho hukwama, kwani mgao hauuzwi ovyo na bei ya jirani ya kulinganishia haipatikani. Hapo miti ndiyo inayobeba hesabu. Mkarafuu huanza kuzaa ukiwa na miaka sita hadi minane, kwa hiyo mche wa miaka mitatu na mti wa miaka thelathini haviandikwi mstari mmoja. Mavuno nayo hupanda na kushuka sana, mwaka mmoja hautoshi. Stakabadhi za kuuzia karafuu ZSTC, shirika la biashara la serikali, za misimu kadhaa ni ushahidi mzito kuliko maneno ya mdomo.

Nyumba hukadiriwa kwa gharama ya kuijenga upya, ukatolewa uchakavu. Usisahau kipande kinachobaki: barabara ikichukua nusu eka katikati na kisima kikawa ng'ambo ya pili, hasara ya eka mbili na nusu zilizobaki nayo inadaiwa.

Mambo huharibika siku ya kuhesabu. Fomu inaandikwa "mikarafuu 40" bila umri, mwenye shamba anatia saini, tingatinga linapita, na hakuna tena cha kumwonesha hakimu. Uwepo mwenyewe pamoja na sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wako. Tia namba ya rangi kwenye kila shina, piga picha, dai nakala ya fomu. Kama hukubali, andika pingamizi lako pembeni mwa saini, papo hapo. Na ukienda mahkamani nenda na mthamini wako aliyesajiliwa, kwa sababu hakimu haendi shambani kuhesabu. Anapima takwimu zilizoelezwa mbele yake, na ikiletwa ya upande mmoja tu, hana nyingine ya kuilinganisha nayo.