Maji ya Kisima ni Maangavu, Yapimwe Nini Tena?

Tunaishi Geita. Maji ya kisima chetu ni maangavu, hayanuki. Kuna haja ya kuyapima?

Ipo, tena kubwa. Aseniki, sumu inayotoka kwenye miamba, ikiwa ndani ya maji haina rangi, harufu wala ladha. Miamba yenye dhahabu huko mara nyingi hubeba madini yenye aseniki, na watafiti wameikuta katika baadhi ya maji ya ardhini ya Kanda ya Ziwa ikizidi kikomo cha Shirika la Afya Duniani, mikrogramu 10 kwa lita. Mwamba ukishasagwa na marudio (mabaki yake baada ya kutoa dhahabu) yakanyeshewa mvua, aseniki hutoka kwa wepesi zaidi. Kisima cha jirani kuwa salama hakukuhakikishii chako.

Si tunachemsha?

Kuchemsha huua vijidudu, endeleeni. Lakini aseniki na metali kama risasi (ledi) na zebaki haziondoki, na maji yakipungua kwa mvuke, kilichobaki huwa kikali zaidi. Vidonge vya klorini navyo havisaidii hapo.

Tulishapima, tukaambiwa maji ni salama.

Someni cheti: kilipima nini? Kipimo cha bakteria hakionyeshi metali hata kidogo. Kwenye maabara ya Wizara ya Maji, au Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ombeni kwa majina: aseniki, risasi, zebaki, kadimiamu. Chukueni chupa yao, si ya soda. Ikiwa wametia asidi ya kuhifadhi sampuli, msiisuuze, na asidi hiyo isiwaguse ngozi. Pigeni pampu dakika kadhaa kabla ya kukinga, maana maji yaliyolala bombani hayasemi ukweli wa kisima. Mkiweza, pimeni masika na kiangazi.

Mtu ataumwa lini?

Baada ya miaka, ndiyo maana watu huchelewa. Aseniki huleta madoa ya ngozi, viganja na nyayo kuwa ngumu, kisha saratani ya ngozi, mapafu au kibofu. Risasi huumiza ubongo wa mtoto. Kwa risasi hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Majibu yakizidi kikomo?

Acheni siku hiyo hiyo kuyanywa na kuyapikia, kwanza uji na maziwa ya kopo ya watoto. Kama ni aseniki, kufua na kuoga kwa kawaida hakuna shida. Tumieni kisima kingine kilichopimwa au maji ya mvua, na mpelekeeni RUWASA (Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini) wa wilaya nakala ya cheti. Chujio msinunue mpaka muuzaji aonyeshe kipimo cha metali yenu, kabla na baada ya kuchuja.