Saratani ya utumbo mpana: damu inaweza kuiwahi?

Nina miaka 52, naishi Ujiji, sina dalili yoyote. Nimeambiwa kuna kipimo cha damu kiitwacho CEA. Nikapime?

Hapana, kwa kazi hiyo CEA haifai. Ni protini iliyogunduliwa mwaka 1965 nchini Kanada, na ina kasoro mbili. Uvimbe ukiwa mchanga, mara nyingi CEA huwa haijapanda, hivyo unarudi nyumbani na jibu zuri na ugonjwa wako. Tena hupanda bila saratani: kwa mwenye ugonjwa wa ini, kwa mwenye utumbo uliovimba, na kwa mvuta sigara. Asiyevuta hutarajiwa kuwa chini ya nanogramu 3 kwa mililita, anayevuta chini ya 5. Mkulima wa tumbaku kule Urambo anayevuta msokoto wake kila jioni anaweza kusoma 4.5 na utumbo wake ukawa mzima kabisa.

Basi inapimwa ya nini?

Ya kumfuatilia aliyekwisha kugundulika. Hupimwa kabla ya upasuaji. Uvimbe ukitolewa wote, hushuka ndani ya wiki 4 hadi 6. Ikianza kupanda tena, daktari anatafuta ulikorudi. Pimia maabara ileile kila mara, maana mashine hutofautiana.

Hivi vipimo vipya vya vinasaba?

Vipo. Uvimbe hudondosha vipande vya vinasaba vyake kwenye damu, na kipimo kinavinasa. Julai 2024 Marekani iliidhinisha kimoja, Shield, kwa watu wa miaka 45 na kuendelea. Katika utafiti wake kilikamata wagonjwa 83 kati ya 100 wenye saratani. Lakini vinyama vinavyoota ndani ya utumbo (polipu), vile vilivyokaribia kugeuka saratani, kilikamata kwa watu 13 tu kati ya 100, na hapo ndipo tunapokikosoa. Kinyama huchukua miaka, mara nyingi 10 au zaidi, kabla hakijageuka. Kikikatwa kwa kamera inayoingizwa kwenye utumbo, saratani haiji. Kipimo kinachopitwa na kinyama kinakuacha uisubiri.

Kwa hiyo hapa Kigoma damu haitusaidii kitu?

Inasaidia, na kwa kipimo cha kawaida: FBP, picha kamili ya damu. Uvimbe wa upande wa kulia wa utumbo huvuja kidogo kidogo, damu ikachanganyika na kinyesi usiione. Mwili unaishiwa madini ya chuma. Mwanaume mwenye Hb (hemoglobini, kiwango cha damu) chini ya gramu 13 kwa desilita, au mwanamke aliyekoma hedhi mwenye Hb chini ya 12, na MCV (ukubwa wa chembe nyekundu za damu) chini ya 80, lazima aulizwe: chuma kinapotelea wapi?

Kosa tunaloliona sana ni kumpa vidonge vya kuongeza damu na kufunga faili. Kweli, huku malaria na minyoo ya safura vipo, na wa mwambao wa ziwa wana kichocho cha tumbo. Vipimwe, vitibiwe. Hb inapaswa kupanda kama 2 ndani ya mwezi mmoja. Isipopanda, au ikipanda kisha ikashuka vidonge vikiisha, tumbo na utumbo vichunguzwe. Ukipimwa feritini, yaani akiba ya chuma mwilini, ikawa ya kawaida, usitulie: malaria na mwako wowote wa mwili (inflamesheni) huipandisha.

Kipimo cha choo je?

Kwa asiye na dalili, FIT, kipimo kinachotafuta damu isiyoonekana kwa macho kwenye kinyesi, ni bora kuliko CEA. Tandika karatasi safi ili kinyesi kisiguse maji wala mkojo, kichome kijiti sehemu kadhaa, kirudishe kwenye kichupa, ufunge. Usikiache juani wala ndani ya gari. Joto huharibu hemoglobini na jibu hutoka hasi la uongo. Usipime ukiwa hedhini.

Naona damu chooni, naambiwa ni bawasiri.

Usianze na kipimo cha damu. Daktari akupime puru kwa kidole chenye glavu. Ni dakika moja, na uvimbe wa chini huguswa. Bawasiri na saratani huweza kukaa kwa mtu mmoja. Anzia kituo chako cha afya au hospitali ya Maweni, Kigoma. Kamera ikihitajika utapewa rufaa, kwa mfano hospitali ya Bugando, Mwanza. Ukishapata tarehe, mwambie daktari kama unatumia vidonge vya chuma. Kwa kawaida huachwa siku 7 kabla, kwa sababu hufanya kinyesi kiwe cheusi na kigande kwenye ukuta wa utumbo, kamera isione kilicho nyuma yake.