Kaloleni ikijengwa upya, tuanzie barazani

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua bado liko nyuma ya mapaa, na baraza moja la Kaloleni jijini Arusha tayari lina shughuli tatu. Kushoto, mama anageuza chapati kwenye jiko la mkaa. Katikati, mzee amekaa na redio yake anasubiri chai. Kulia, chumba cha mbele kiko wazi na ndani yake fundi cherehani anatia uzi kwenye sindano. Nyuma yao kuna korido, vyumba sita, ua, bomba na choo. Mtoto wa shule anatokea koridoni, anamwamkia babu, anachukua chapati mbili zilizofungwa kwenye gazeti, anakata kona na kupotea. Hajavuka barabara kubwa wala hajagombania hiace.

Kiwanja cha pili yake nacho kilikuwa na nyumba ya aina hiyo. Leo kuna jengo la ghorofa nne lenye vioo vya bluu na lango jeusi la chuma, na chini kote ni maegesho. Ukipita mbele yake unapita ukuta mtupu tangu pembe hadi pembe, na usiku mwanga pekee ni wa kibanda cha mlinzi. Jengo lenyewe zuri, sikatai. Ila wanawake wa mtaa huo wameshahamia upande wa pili wa barabara wanaporudi kutoka sokoni jioni, na hakuna aliyewaambia wafanye hivyo.

Mimi ni mpangamiji, na sehemu ya kazi yangu ni kukaa na wananchi kwenye mikutano ya mitaa na kuwafafanulia michoro. Maneno tunayotumia, "uendelezaji upya", yameshachafuka midomoni mwa watu. Mmoja akiyasikia anaona alama nyekundu ya X ukutani kwake. Mwingine anaona mwekezaji na begi la fedha. Ninachotaka kueleza hapa ni kitu cha tatu, na kwa Arusha si kigeni: mtaa ambao mtu anaishi, anafanya kazi, ananunua mahitaji na kupeleka watoto shule kwa miguu yake. Sisi wataalamu tunauita mtaa wa matumizi mchanganyiko. Kwenye hati ya kiwanja huandikwa "makazi na biashara". Bibi aliyejenga Kaloleni hakuwa na jina la kuuita. Kwake ulikuwa mtaa.

Asili yake haikuwa njema. Enzi za Waingereza miji ya Tanganyika ilipangwa kwa rangi ya ngozi. Wazungu walipewa viwanja vikubwa vyenye bustani, ndiyo maana Arusha hadi leo tunasema Uzunguni. Wahindi walikaa katikati ya mji, duka chini na familia juu. Waafrika walipewa viwanja vidogo vilivyobanana, na humo nyumba ya Kiswahili ikapata makao. Ni Kaloleni hiyo hiyo ambako mwaka 1967 viongozi wa TANU walikutana na kupitisha Azimio la Arusha, katika jumba ambalo leo ni makumbusho. Basi ubanaji ule uliotokana na dharau uliacha kitu chenye faida: milango mingi. Chukua viwanja vyenye upana wa mita 15. Ndani ya mita 100 unapita nyumba sita upande mmoja, kila moja ina mlango wake na pengine fremu moja au mbili, yaani vyumba vya duka. Mlango ni macho. Mlango ni mtu wa kumuuliza njia, wa kumwachia ufunguo, wa kumkemea kijana anayemsumbua binti wa watu.

Hata hivyo mtaa unachoka, na hilo lazima tuliseme bila kupamba. Mabati yameoza. Choo cha shimo kimejaa na pa kuchimba kingine hapapo. Wenye nyumba wa kwanza wamefariki na warithi wako Dar es Salaam, Babati, wengine nje ya nchi; kodi ya vyumba inagawanywa vipande vidogo hata hakuna anayeona sababu ya kununua debe la rangi. Siku akija mnunuzi, hanunui nyumba, ananunua kiwanja.

Wakati huo huo jiji limefumuka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 416,442 katika Jiji la Arusha. Ya 2022 ikahesabu 617,631. Wengi wa hao wapya hawakuingia Kaloleni wala Levolosi. Wamekwenda Muriet, Olasiti, Moshono, kila mmoja na kiwanja chake na ukuta wake. Na Arusha ina jambo lake la kimaumbile ambalo mgeni halioni haraka: mito kama Themi, Naura na Burka inashuka kutoka Mlima Meru na kuukata mji kutoka kaskazini kwenda kusini. Anayekwenda mashariki au magharibi lazima atafute daraja, na madaraja hayatoshi, kwa hiyo magari yote yanaishia kwenye barabara chache, Sokoine ikiwa ya kwanza. Kila familia inayosukumwa pembezoni inaongeza hiace moja kwenye foleni ile ile. Mtu mzima hutembea takriban mita 80 kwa dakika. Mkazi wa Kaloleni ana stendi, uwanja wa Sheikh Amri Abeid na maduka ya katikati ya mji ndani ya dakika chache za kutembea. Kumhamisha huyo akaanze kulipa nauli mbili kila siku, kisha tukaiita hiyo maendeleo, ni hesabu ambayo mimi siielewi.

Gari moja, vyumba viwili na nusu

Nikiulizwa kosa gani linaua mtaa wa zamani haraka kuliko yote, sitaji urefu wa majengo. Nataja ghorofa ya chini.

Tufanye hesabu. Gari dogo likiegeshwa linahitaji kama mita 2.5 kwa 5, yaani mita za mraba 12.5. Ongeza njia ya kuingilia na nafasi ya kugeukia, linafika karibu mita za mraba 25. Chumba cha nyumba ya Kiswahili cha futi kumi kwa kumi kina mita za mraba 9 na kidogo. Gari moja lililolala limekula vyumba viwili na nusu. Magari manane yameimeza nyumba nzima pamoja na ua wake na baraza lake. Halafu vyumba hivyo vilikuwa na watu wanaonunua mkaa, vocha na nyanya kwenye genge la pale pale. Gari halinunui nyanya.

Kwa hiyo mchoro wa uendelezaji upya ukiwekwa mezani, sehemu ya kwanza ya kutazama ni mbele ya jengo, usawa wa barabara. Je, kuna fremu zinazofunguka mtaani? Je, mlango wa wakazi wa juu unatokea mtaani au umejificha nyuma kwenye maegesho? Kuna kibaraza chenye paa, ambapo mtu anaweza kujikinga mvua ya masika au kuota jua asubuhi za Julai? (Walioishi Arusha mwezi wa saba wanaijua thamani ya jua la saa tatu.) Magari yanaweza kukaa nyuma, au eneo moja la pamoja kwa majengo kadhaa. Ghorofa tatu au nne zenye fremu chini zinatunza watu wengi kuliko nyumba ya chini kwenye kiwanja hicho hicho, na mtaa ukabaki na macho yake.

Njia ya miguu nayo isiwe ukingo wa mtaro. Iwe pana kiasi cha watu wawili kupishana, mmoja akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na mtaro ufunikwe kwa mfuniko unaoweza kuinuliwa, kwa sababu mtaro usioinuliwa mfuniko hausafishwi. Arusha iko mteremkoni; maji ya mvua kutoka juu hayabishi hodi. Wauza mboga na wamachinga watengewe nafasi kwenye mchoro tangu mwanzo, karibu na kona ambazo watu hupita. Mwaka 2021 tuliona nchi nzima wamachinga wakipangwa upya kutoka kando za barabara, na wengi wao walilalamikia jambo moja: walikopelekwa wateja hawapiti.

Kuhusu vyoo nitasema kwa kifupi ingawa ndilo jambo linaloamua mengine yote. Choo cha shimo hakiwezi kuhudumia ghorofa nne. Mradi mkubwa wa majisafi na majitaka wa Arusha, uliofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, umepanua mtandao wa mabomba ya majitaka, na mtaa unaofikiwa na bomba hilo unaweza kujengwa kwenda juu kwa usalama. Kabla ya kupigia kura mchoro wowote, uliza bomba liko wapi.

Tuliyoyaona Dar es Salaam

Kariakoo ilianza kama Kaloleni, nyumba za Kiswahili kwenye viwanja vidogo. Ikageuka maghorofa kiwanja kimoja kimoja, kila mwenye kiwanja kivyake, mitaa ikabaki na upana ule ule na miundombinu ikizidiwa. Biashara imestawi kuliko mahali pengine popote nchini, hilo halina ubishi, lakini usiku wakazi wamepungua na stoo zimeongezeka. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo moja likaporomoka pale Kariakoo na kuua watu. Kujenga kwa kubanana kunataka ukaguzi wa kweli, wenye mtu anayepanda jukwaa la ujenzi na kupima nondo, si muhuri wa mezani.

Magomeni Kota ni somo la namna nyingine. Wapangaji wa nyumba za umma waliondolewa, nyumba zikabomolewa, na kaya 644 zikasubiri miaka karibu kumi hadi maghorofa mapya yalipozinduliwa mwaka 2022, wao wakapewa nafasi ya kwanza. Nalisifu hilo la kuwarudisha. Lakini miaka kumi ni mtoto kuingia darasa la kwanza na kutoka kidato cha tatu. Kwa Kaloleni ningeshauri kazi ifanywe kipande kwa kipande, nyumba nne hapa, nne pale, wakazi wa kipande cha pili wakihamia kwa muda kwenye kipande cha kwanza kilichokamilika, wasilazimike kuondoka mtaani.

Katika mkutano mmoja, mama mmoja anayepika maandazi alinyoosha mkono mara tatu kabla hajapewa nafasi. Akasema, "Mwenyekiti, nyie mnaongea na wenye nyumba. Mimi nimepanga hapa miaka kumi na saba. Kwenye hiyo karatasi niko wapi?" Mtaalamu mwenzangu alianza kumweleza habari ya fidia, nami nikamgusa bega, kwa kuwa jibu la kweli lilikuwa baya. Ardhi ikitwaliwa kisheria, fidia huhesabu thamani ya ardhi na majengo, posho ya usumbufu, posho ya makazi na usafiri, na faida iliyopotea kwa mwenye biashara. Mpangaji wa chumba kimoja asiye na mkataba wa maandishi wala leseni ya biashara hana karatasi ya kumtetea. Namna ya kumlinda ni kuandika ndani ya mpango wenyewe kwamba sehemu ya vyumba vipya itakuwa midogo na ya kodi nafuu, na kwamba baadhi ya fremu zitakuwa ndogo kiasi cha kumfaa mpika maandazi. Fremu ya mita sita kwa kumi ni ya benki. Ya mita mbili kwa tatu ni yake.

Majirani wakiungana

Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 inaitaka mamlaka ya upangaji iwashirikishe wananchi wa eneo husika. Mkutano ukiitishwa, nenda, na ukaone mchoro wenyewe, si kusimuliwa. Mabadiliko ya matumizi kutoka "makazi" kwenda "makazi na biashara" yanaombwa halmashauri. Usijenge fremu kwanza ukaomba baadaye.

Njia ambayo haijatumika vya kutosha ni majirani kuunganisha viwanja. Kiwanja kimoja kidogo hakibebi ghorofa lenye ngazi nzuri, hewa na mwanga. Vinne vikiungana vinabeba. Tangu 2008 tuna sheria inayoruhusu watu kumiliki sehemu za jengo moja, kila mmoja na hati ya sehemu yake, huku ngazi, paa na ua vikiwa vya wote. Familia nne zinaweza kuingia ubia na mjenzi, kila moja ikatoka na nyumba ya kuishi, nyumba ya kupangisha na fremu chini, badala ya kuuza na kwenda kuanza upya Olasiti. Mkataba wa ubia usainiwe mbele ya wakili wenu, si wa mjenzi.

Kinachokwamisha, mara nyingi kuliko fedha, ni jina lililoko kwenye hati. Unakuta bado ni la babu aliyefariki miaka ishirini iliyopita, na muda wa hati yenyewe, miaka 33 au 66, unakaribia kwisha au umeshapita. Hakuna benki wala mbia atakayekaa meza moja na marehemu. Basi familia ianze huko. Kaeni kikao cha ukoo, muandike muhtasari, mpendekeze msimamizi wa mirathi. Kama marehemu aliishi kwa mila au kwa taratibu za Kiislamu, shauri hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, mkiwa na cheti cha kifo na muhtasari huo. Mahakama ikishamteua, msimamizi ana miezi minne ya kuwasilisha orodha ya mali na madeni ya marehemu. Barua ya usimamizi ndiyo inayopelekwa ofisi ya ardhi kubadilisha jina, na hapo hapo mnaulizia kuhuisha muda wa hati na kulipa kodi ya ardhi mnayodaiwa. Shangazi aliyeolewa mbali naye ni mrithi. Msimwache kwenye orodha, maana ndiye atakayerudi na zuio la mahakama siku msingi unachimbwa.