Je, Wajua Kwa Nini Kampuni Inaweza Kuandika Faida Deni Lake Linapotiliwa Shaka?

Katika robo ya tatu ya mwaka 2011, benki ya Morgan Stanley ya Marekani iliandika mapato ya dola bilioni 3.4 ambayo hayakutoka kwa mteja yeyote. Wawekezaji walikuwa wameingiwa na wasiwasi kuhusu benki hiyo, hatifungani zake, yaani hati za mikopo ambayo benki ilichukua kwa wawekezaji, zikashuka bei sokoni, na kushuka huko ndiko kulikoingizwa vitabuni kama mapato, hata yakafikia takriban theluthi moja ya mapato halisi ya robo nzima. JPMorgan na Citigroup nazo ziliandika mapato ya namna hiyo, kila moja takriban dola bilioni 1.9. Msomaji asiye mhasibu ana sababu ya kushangaa: inawezekanaje mtu afaidike kwa kuwa wengine wameanza kutilia shaka uwezo wake wa kulipa? Benki hizo hazikuvunja kanuni yoyote, kwa maana zilikuwa zinafuata kikamilifu kipimo ambacho wahasibu hukiita thamani ya haki.

Kiwango cha kimataifa cha uhasibu cha IFRS 13, kilichotolewa Mei 2011 na kuanza kutumika Januari 1, 2013, kinaieleza thamani ya haki kuwa ni bei ambayo ingepokewa kwa kuuza mali, au ambayo ingelipwa ili kumhamishia mwingine deni, katika muamala wa kawaida kati ya washiriki wa soko, siku ile ya kupima. Marekani ilikwisha kuwa na kanuni inayofanana nayo sana tangu mwaka 2006. Neno “haki” hapa linaweza kupotosha, kwa sababu hakuna anayedai kwamba bei hiyo ni ya uadilifu. Maana yake ni kwamba bei haikutokana na muuzaji aliyebanwa na dhiki, wala na makubaliano ya kampuni ndugu. Jambo la kushika zaidi ni kwamba kipimo hiki hakijali mali ilinunuliwa kwa kiasi gani, wala mwenye mali ananuia kuifanyia nini. Kinauliza tu: kama ingetoka mikononi mwako leo, ingetoka kwa bei gani?

Swali hilo likielekezwa kwenye deni, ndipo ajabu ya mwaka 2011 inapoeleweka. Tuchukue kampuni iliyokopa milioni 100 kwa kuuza hatifungani ya miaka mitatu inayolipa riba ya asilimia 5 kila mwaka. Mara baada ya kuiuza, soko linaanza kudai asilimia 8 kutoka kwa mkopaji wa aina hiyo, ama kwa sababu riba zimepanda kote, ama kwa sababu kampuni yenyewe imepunguza kuaminika. Malipo ya hatifungani hayabadiliki: milioni 5 mwaka wa kwanza, milioni 5 mwaka wa pili, milioni 105 mwaka wa tatu. Kinachobadilika ni thamani ya malipo hayo kwa leo, kwani kila moja linagawanywa kwa 1.08 mara nyingi kadiri ya miaka ya kusubiri. Jumla inakuwa takriban milioni 92.3. Mwekezaji anayeshikilia hatifungani hiyo amepoteza milioni 7.7 za thamani, na kwa kuwa mali ya mmoja ni deni la mwingine, kampuni inayopima deni hilo kwa thamani ya haki inaonekana kupata kiasi hichohicho.

Je, ni faida ya kweli? Kwa upande mmoja ndiyo, maana kampuni yenye fedha taslimu ingeweza kwenda sokoni na kuinunua hatifungani yake kwa 92.3 badala ya 100. Lakini kampuni inayotiliwa shaka mara nyingi ndiyo isiyo na fedha za kufanya hivyo, na isipoinunua, faida hiyo huyeyuka kidogo kidogo kadiri siku ya kulipa inavyokaribia, hadi deni linaporudi kuwa milioni 100 kamili. Kwa maoni yangu, wakosoaji wa hesabu za mwaka 2011 hawakukosea waliposema kwamba namba hizo zilimficha msomaji hali halisi ya biashara. Waandishi wa kanuni waliliona hilo pia. Kiwango cha IFRS 9, kilichokamilishwa Julai 2014 na kuanza kutumika mwaka 2018, kinataka kwa kawaida mabadiliko yanayotokana na kuaminika kwa mkopaji mwenyewe yaondolewe kwenye hesabu ya faida na hasara na kuwekwa kando, katika mapato mengine jumuishi, yaani sehemu ya hesabu iliyo nje ya faida na hasara ya mwaka, huku mabadiliko yanayotokana na riba za soko yakibaki kwenye faida na hasara. Marekani ilichukua mwelekeo kama huo kwa mabadiliko ya kanuni ya mwaka 2016.

Derivativu, yaani mikataba ambayo thamani yake hutokana na kitu kingine kama riba, sarafu au bei ya bidhaa, haina njia ya kukwepa kipimo hiki. Sababu yake ni rahisi: mkataba wa namna hiyo mara nyingi hugharimu sifuri siku unaposainiwa, kwa hiyo kuuandika kwa gharama yake ya awali kungekuwa sawa na kutouandika kabisa, hata kama baadaye ungeweza kumfilisi aliyesaini. Chukua kampuni iliyokopa kwa riba inayopanda na kushuka, kisha ikaingia mkataba wa kubadilishana riba: itailipa benki asilimia 5 isiyobadilika juu ya milioni 100, na benki itailipa riba ya soko. Iwapo riba ya soko itafika asilimia 7 na mkataba umebakiza miaka miwili, kampuni inatarajia kupokea tofauti ya milioni 2 kila mwaka. Zikirudishwa kwenye thamani ya leo kwa asilimia hiyo 7, ni takriban milioni 3.6, na kiasi hicho kinaandikwa kama mali. Kama riba ingeshuka badala ya kupanda, mkataba uleule ungekuwa deni.

Hesabu haiishii hapo. Milioni 3.6 zina maana tu ikiwa benki ya upande wa pili itakuwepo na italipa, kwa hiyo mpimaji hupunguza kiasi fulani kwa ajili ya hatari kwamba benki haitalipa. Mkataba ukiwa deni, hupunguza vilevile kwa ajili ya hatari kwamba kampuni yenyewe haitalipa. Kwa mikataba ya hiari, inayompa mtu ruhusa ya kununua au kuuza bila kumlazimisha, lazima pia akadirie jinsi bei itakavyoyumba, na hapo hutumika fomula za kihisabati zilizotokana na kazi ya wanauchumi Fischer Black na Myron Scholes iliyochapishwa mwaka 1973.

Namba hizi zote haziwi na uzito mmoja, na ndiyo maana kampuni hulazimika kuzigawa katika ngazi tatu kulingana na mahali taarifa zilipotoka. Ngazi ya kwanza ni bei inayosomwa moja kwa moja kwenye soko lenye shughuli kwa kitu kilekile, mfano hatifungani ya serikali inayouzwa kila siku. Ngazi ya pili hutumia taarifa zinazoonekana sokoni lakini zinazohitaji hesabu, na mkataba wetu wa riba kwa kawaida huangukia humo, kwa kuwa riba za vipindi mbalimbali zinajulikana kwa kila mtu. Ngazi ya tatu ndiyo yenye mashaka zaidi: kuna angalau taarifa moja muhimu ambayo soko haliitoi, na kampuni imeikadiria yenyewe. Kipimo kizima hushushwa hadi ngazi ya taarifa yake muhimu iliyo dhaifu zaidi, hata kama taarifa nyingine zote ni imara. Kwa ngazi hii kampuni inatakiwa kueleza makadirio yake kwa namba, kuonyesha namna salio lilivyobadilika kutoka mwanzo hadi mwisho wa mwaka, na kusema matokeo yangekuwaje kama makadirio yangekuwa tofauti. Hapo ndipo mkaguzi wa hesabu hutumia muda wake mwingi, na msomaji makini anapaswa kutumia wake.

Madeni mengi ya kampuni, hata hivyo, hayaingii kwenye mizania, yaani taarifa ya mali na madeni ya kampuni, kwa thamani ya haki. Huandikwa kwa kiasi kilichokopwa, kikirekebishwa taratibu kufikia kiasi cha kulipwa, na hatifungani ambazo mwekezaji ananuia kuzishika hadi mwisho wake mara nyingi huandikwa hivyohivyo. Thamani ya haki hutajwa tu katika maelezo yanayofuata hesabu, kurasa nyingi baadaye. Silicon Valley Bank ya Marekani ilifanya hivyo kwa usahihi kabisa. Mwishoni mwa mwaka 2022 mizania yake ilionyesha hatifungani za kushikwa hadi mwisho zenye takriban dola bilioni 91, na maelezo yalisema wazi kwamba thamani yake ya haki ni takriban bilioni 76, kwa kuwa riba zilikuwa zimepanda. Pengo la bilioni 15 lilikaribia kulingana na mtaji wote wa wanahisa, uliokuwa takriban bilioni 16. Namba hiyo ilikuwa imechapishwa mwezi Februari, mahali ambapo yeyote angeweza kuisoma; benki ilifungwa Machi 10, 2023, baada ya wateja kukimbilia kutoa fedha zao.