Bolti za Rimu za Bidiloki: Yanayosemwa Gereji na Ukweli Wake

Dereva anayeondoka Nakuru kwenda kwenye matope ya Mau Narok au mawe ya Menengai hupunguza upepo wa tairi, wakati mwingine hadi chini ya PSI 15, ili tairi litandae na kushika ardhi vizuri. Tairi lililofungwa kwenye rimu ya kawaida hushikiliwa na upepo wenyewe, kwa hiyo likishushwa kiasi hicho linaweza kuchomoka. Rimu ya bidiloki hupunguza sana hatari hiyo kwa pete ya nje inayobana ukingo wa tairi kwa bolti nyingi, ambazo huweza kufika 32 kwa gurudumu moja. Kuhusu bolti hizo husemwa mengi, na baadhi yake ni ya kuharibu mali.

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba bolti hukazwa mpaka igome, na fundi mwenye misuli, au mwenye kipande cha bomba cha kurefushia spana, ndiye anayefunga salama. Ukweli ni kwamba bolti ikikazwa hurefuka kidogo sana, na kule kutaka kurudi katika urefu wake ndiko kunakobana pete. Ikivutwa kupita kiasi hairudi tena. Hubaki imelegea ndani kwa ndani ingawa kwa macho ni nzima, au huchuna meno yaliyochongwa kwenye alumini. Bolti hizi ni nyembamba. Rimu nyingi za aina hii hutaka nguvu ya kukazia iliyo karibu na nyutoni-mita 20 hadi 27, ilhali nati za gurudumu la pikapu kwa kawaida hutaka zaidi ya 100, na fundi aliyezoea nati hizo hawezi kukisia tofauti hiyo kwa mkono. Anahitaji spana ya kupimia nguvu ya kukazia pamoja na kipimo alichotoa mtengenezaji wa rimu hiyo hasa, kwa sababu vipimo hutofautiana. Mashine ya upepo inafaa kwa kufungulia bolti baada ya tairi kutolewa upepo wote, wala haifai kumalizia kukaza.

Wengine huamini kwamba mpangilio wa kukaza si kitu, mradi kila bolti ifikiwe. Pete ikikazwa kwa kufuata mduara tangu mwanzo hulala upande mmoja, mpira hubanwa bila usawa, na upepo hupata pa kutokea. Bolti zote hutangulizwa kwa mkono, kisha hukazwa kwa kuvuka kutoka upande mmoja hadi ule unaouelekea, kwa awamu, nusu ya kipimo kwanza. Hata kipimo kamili kikifikiwa kazi haijaisha, kwani kila bolti inayokazwa huipunguzia jirani yake mkazo. Ndipo sasa fundi huzunguka kwa mduara, mara mbili, tatu au zaidi, mpaka spana ya kupimia ilie, ishara kwamba kipimo kimefikiwa, bila bolti yoyote kusogea. Inachosha, nakubali, hasa kwa magurudumu manne.

Dhana ya tatu huwanasa hata waangalifu: kwamba bolti iliyokazwa sawasawa, ikachorwa mstari wa rangi kutoka kichwani hadi kwenye pete, haina haja ya kuguswa tena maadamu mstari haujapinda. Mstari huo huonyesha tu kama bolti imezunguka. Mpira wa ukingo wa tairi huendelea kushindiliwa baada ya kufungwa, hasa tairi likiwa jipya, na unaponywea mkazo hupungua bila bolti kuzunguka hata kidogo. Kwa hiyo bolti hupimwa tena baada ya mwendo mfupi wa kwanza, na baadaye kabla ya kila safari ngumu. Vumbi la Naivasha na Elmenteita likijaa kwenye vichwa vya bolti, lifutwe kwanza ili spana iingie yote.

Kuhusu grisi, si kweli kwamba huongeza usalama tu. Sehemu kubwa ya nguvu inayotiwa kwenye spana huliwa na msuguano wa kichwa na wa meno, na kiasi kidogo ndicho huwa mkazo. Grisi ikipunguza msuguano huo, kipimo kilekile huivuta bolti zaidi. Ifuatwe hali ambayo mtengenezaji aliikusudia, kavu au yenye kilainishi. Bolti ya duka lolote nayo haifai kwa kulingana unene tu. Daraja la uimara wa chuma chake na urefu lazima vilingane na vya bolti ya awali.

Hatari kubwa kuliko zote ni ya kudhani kwamba bolti moja inayosumbua yaweza kufunguliwa huku tairi lina upepo. Upepo ulio ndani huisukuma pete kwa nguvu kubwa, na bolti zinazobaki zikishindwa, pete huruka kumwelekea aliyeinama mbele yake. Kiini cha valvu hutolewa kwanza, tairi likaachwa hadi liishe upepo kabisa, ndipo bolti ya kwanza ilegezwe.