CABYR: protini ya mkia wa mbegu ya kiume inayoshika kalisiamu

CABYR ni protini ya mkia wa mbegu ya kiume. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, waliieleza mwaka 2002. Umbo lake kubwa lina uzito wa kilodaltoni 86 (kipimo cha uzito wa molekuli), na ajabu yake ni kwamba halishiki kalisiamu mpaka lipachikwe fosfeti, vikundi vidogo vya kemikali vyenye fosforasi. Fosfeti hizo zikiondolewa kwa kimeng'enya, kalisiamu haishikiki tena.

Upachikaji huo huja mwishoni kabisa. Mbegu hutengenezwa korodanini kwa zaidi ya miezi miwili, kisha hupita kwenye epididimisi, mrija uliojikunja nyuma ya korodani, na kupata uwezo wa kuogelea. Hata hivyo, inapomwagwa bado haiwezi kurutubisha yai. Sharti ikae saa kadhaa katika njia ya uzazi ya mwanamke. Ukomavu huu wa mwisho, kapasitesheni, uligunduliwa mwaka 1951 na M. C. Chang na C. R. Austin, kila mmoja kivyake.

Kinachotokea ni hiki: albumini, aina ya protini, hunyonya kolesteroli kutoka kwenye utando wa mbegu, na bikaboneti huingia ndani na kuamsha kimeng'enya kinachotengeneza cAMP, molekuli ya kupeleka ishara ndani ya seli. cAMP huamsha PKA, kimeng'enya kinachopachika fosfeti kwenye protini, na mwisho wa mnyororo huo tairosini (aina ya asidi amino) za protini za mkia, CABYR ikiwemo, hupachikwa fosfeti. Kalisiamu nayo huingia kupitia mlango uitwao CatSper, ambao kwa binadamu huchochewa na homoni ya projesteroni, na mkia huanza kupiga kwa nguvu. Ndiyo maana maabara za upandikizaji mimba huweka mbegu kwenye kimiminika chenye bikaboneti, albumini na kalisiamu, kwa nyuzijoto 37 za Selsiasi. Bikaboneti ikikosekana, mnyororo hauanzi.

CABYR imekaa kwenye ala ya nyuzi, yaani kifuniko cha nyuzi za protini kinachozunguka sehemu ndefu ya mkia, jirani na protini za AKAP3 na AKAP4 na vimeng'enya vinavyovunja glukosi kutoa nishati. Kwa hiyo kazi yake si kalisiamu tu. Panya wa maabara walionyimwa jeni yake walikuwa na ala iliyovurugika, na mbegu zao zilishindwa kusonga mbele vizuri.

Kipimo cha kawaida cha shahawa hakiioni CABYR. Huhesabu mbegu, mwendo na umbo. Wala vidonge vya kalisiamu haviiongezi: kiwango cha kalisiamu kwenye damu hulindwa na homoni, na kasoro ikiwa kwenye ala au kwenye CatSper, kidonge hakiigusi.