Je, wajua kwa nini tundu dogo la hewa huitesa injini gari likisimama, na si likienda kasi?

Gari la petroli liko kwenye foleni ya feri ya Likoni. Injini inatetemeka, mshale wa mizunguko unapanda na kushuka, mara inataka kuzima. Likivuka na kushika njia ya Ukunda, linakwenda kama jipya. Fundi mwenye haraka atabadilisha plagi, halafu koili, halafu atalaumu petroli. Mara nyingi mkosaji ni kipande cha mpira kilichopasuka nyuma ya manifoldi ya hewa, yaani mabomba yanayogawa hewa kwa silinda.

Wengi wakiambiwa "hewa inavuja" huelewa kwamba inatoka. Hupitisha kiganja juu ya mipira wakitafuta upepo, au hunusa wakitafuta petroli. Hawapati kitu, kisha hutangaza kwamba hakuna uvujaji. Ukweli ni kinyume: hewa inaingia. Injini inaponguruma bila kukanyagwa mafuta, throto, kilango cha kuingizia hewa, imekaribia kufunga kabisa huku pistoni zikiendelea kuvuta. Ndani ya manifoldi hubaki mgandamizo wa kilopaskali 35 hivi, na nje, hapa usawa wa bahari, ni 101. Kwa hiyo kwenye ufa kidole hakipulizwi, kinanyonywa. Dhana hiyo ina pacha wake: kwamba ukizidi kukanyaga mafuta, uvujaji nao unazidi. Hiyo pia si kweli, na hapo ndipo penye utamu wa jambo lenyewe.

Chukua dafu na mrija wenye ufa mdogo ubavuni. Ubane mrija kwa vidole chini ya ufa, kisha vuta kwa nguvu: maji hayapandi, kinywa kinajaa hewa ya ufa. Sasa achia vidole. Maji yanapanda tele, na ufa ule ule karibu hauonekani kazi yake. Vidole ndivyo throto. Ikibanwa, ufa unashindana na njia nyembamba na kushinda. Ikifunguliwa, mvuto ndani ya manifoldi unapungua, njia halali inapitisha hewa nyingi, na ufa unabaki na sehemu ndogo tu.

Kwa hesabu ya makadirio, tundu la milimita 3 huingiza gramu moja na ushei ya hewa kwa sekunde. Injini ya lita 1.5 inayonguruma tu hutumia gramu 2 hivi, ilhali barabarani hutumia 10 au zaidi. Na kuna ajabu nyingine: kwa tofauti ile ya mgandamizo, hewa hupita tunduni kwa kasi inayokaribia ya sauti. Ndiyo maana husikika "ssss".

Dalili hutegemea namna kompyuta ya gari inavyopima hewa. Penye sensa inayopima hewa inayopita kabla ya throto, hewa ya tunduni haihesabiwi. Petroli inakuwa chache kwa hewa iliyopo (uwiano unaotakiwa ni hewa 14.7 kwa petroli 1, kwa uzito), silinda zinakosa kuwaka, na huenda taa ya injini ikawaka kwa msimbo wa hitilafu P0171, maana yake petroli ni chache kuliko hewa. Penye sensa inayopima mgandamizo ndani ya manifoldi, kompyuta huona mgandamizo umepanda, ikadhani umekanyaga mafuta, ikaongeza petroli. Injini basi haitetemeki sana, ila inanguruma kwa mizunguko 1,200 hadi 1,500 kwa dakika badala ya 700.

Skana, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, husaidia kutenganisha mambo. Tazama marekebisho ya mafuta, yaani asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza. Yakiwa asilimia 20 juu gari likinguruma tu, kisha yakashuka karibu na 5 kwenye mizunguko 2,500, tafuta tundu. Yakipanda pamoja na mizunguko, shuku pampu ya petroli, chujio au sensa chafu. Kwenye magari ya sensa ya mgandamizo kipimo hiki hakiaminiki sana.

Geji ya mvuto ni ya zamani lakini bado ina heshima. Injini nzima Mombasa husoma inchi 17 hadi 21 za zebaki. Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi, ile ile husoma pungufu ya inchi 5 au 6. Kwa hiyo 14 ya huko ni afya, 14 ya hapa ni swali, ingawa taimingi (wakati wa cheche ya plagi) iliyochelewa nayo huishusha.

Kulitafuta tundu, weka ncha moja ya mpira wa mita moja sikioni na upitishe nyingine kwenye viungo, mbali na feni na mikanda. Kisha bana mipira midogo mmoja mmoja kwa koleo lililofungwa kitambaa. Mngurumo ukibadilika, umeshika njia yake. Kwa gasketi ya manifoldi nyunyizia maji kidogo, usilowanishe koili. Wengi hutumia dawa ya kusafishia kabureta. Inafanya kazi, na ikigusa egzosi ya moto pia inawaka. Usisahau kijiti cha kupimia oili na kifuniko cha oili, kwani visipokaa vizuri hewa hupenya kupitia valvu ya PCV, inayorudisha mvuke wa oili kwenye manifoldi. Busta ya breki, inayotumia mvuto wa manifoldi kupunguza uzito wa pedali, ina kipimo chake: zima injini, kanyaga breki mara tano, shikilia, washa. Pedali isipozama kidogo, angalia mpira wake. Yote yakishindikana, mashine ya moshi humaliza ubishi: huusukuma moshi ndani ya manifoldi, nao hutokea kwenye ufa.

Watu wa pwani hulaumu chumvi. Chumvi hula klipu, lakini mpira huuawa zaidi na joto na mvuke wa oili. Ufa ukiwa ncha tu na mpira ukawa na urefu wa ziada, kata sentimita moja urudishe. La sivyo weka mpira wa mvuto wa kipenyo kile kile; mpira wa maji hulainika na kujikunja. Gasketi ikibadilishwa, safisha nyuso zote mbili, kaza boliti kuanzia katikati kwenda nje kwa awamu mbili au tatu. Silikoni usipake: vipande vyake huvutwa ndani.

Haya ni ya injini ya petroli isiyo na turbo, kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini. Turbo ikisukuma, ufa ule ule kweli hutoa hewa nje, na dizeli nyingi hupata mvuto wa breki kutoka pampu yake.

Ukimaliza, futa msimbo wa hitilafu, endesha kidogo, soma marekebisho tena. Yakitulia ndani ya asilimia 5 juu au chini, funga boneti.